Sista Irene tumemsahau huku Pwani

Mhariri,

Kila nikipita ile sanamu ya maaskari wa vita vya kwanza vya dunia pale Jomo Kenyatta Avenue, Mombasa, namkumbuka Sista Irene Stefani, mtawa wa Consolata (shirika la Kikatoliki) kutoka Italia, na sielewi kwa nini sisi watu wa Pwani hatumtaji kabisa ilhali huko Nyeri anajulikana sana, wenyewe wanamwita Nyaatha, yaani mama wa huruma. Alikuja Kenya 1915, na wakati ule wa vita vya kwanza akapelekwa kuuguza wapagazi waliobebea jeshi mizigo, wale wa Kariakoo (Carrier Corps), kwanza hapo Voi tu, halafu Kilwa, Lindi na Dar es Salaam. Hospitali zenyewe ni hema, wagonjwa wamejaa, wanaharisha, wana vidonda, wengi wanakufa bila hata jamaa karibu na yeye ndo anawaosha, anawafunga bandeji, anawaombea. Jamani hiyo si kazi ya mchezo! Akafariki Gikondi, huko Nyeri, 1930 kwa tauni aliyoipata kwa mgonjwa aliyekuwa akimuuguza, miaka 39 tu. Kanisa lilimtangaza mwenyeheri 2015.

Mimi naomba gazeti lako liandike habari zake, na wale wapagazi pia, wengi wao hata makaburi hayajulikani.

Msomaji, Changamwe