Mchunga upikwe, usiuzwe kwenye kopo

Mhariri,

Miaka yote nimelisoma gazeti lako na kulikunja bila neno, lakini makala yenu ya mwezi uliopita iliyousifu unga wa mchunga kuwa chakula kipya chenye tiba imenikera. Mwandishi aliandika kana kwamba sisi wa Malindi tumeujua mchunga ulipotiwa kwenye kopo.

Mchunga humea wenyewe mashambani mvua zikinyesha, na ukiuvunja hutoa utomvu mweupe. Ni mchungu kwelikweli. Ndiyo maana mama zetu huuchemsha, wakamwaga maji ya kwanza, wakauchanganya na mchicha au majani ya kunde na kuutia tui la nazi, ukaliwa kwa sima. Wazee husema unafaa kwa tumbo na homa, nami sibishani nao, ila wao waliula kama mboga, kwa kiasi ambacho ulimi wenyewe ulikubali.

Shemeji yangu ana kisukari. Baada ya kuisoma makala hiyo alinunua kopo mjini kwa bei ambayo sokoni ingempatia mafungu ya mwezi mzima, akawa anakoroga unga huo asubuhi na jioni, na vidonge vyake vya kisukari, metformini, akavifungia kabatini kwa kuwa muuzaji alimhakikishia kwamba mitishamba haina madhara. Haikuchukua muda kiu ikawa haimwishi, usiku akawa haachi kwenda msalani, macho yakaingia ukungu, na tulipomfikisha hospitali sukari ilikuwa imepanda hata akalazwa. Kopo lenyewe nimelisoma kwa miwani: lina nambari ya simu ya muuzaji na majigambo ya uasilia, lakini halina kipimo, halina tarehe ya mwisho wa kutumika, wala onyo kwa anayetumia dawa za daktari, na jani lililochorwa pale, Mhariri, ni la mlonge!

Tena kwa kuwa unga umepata soko, mchunga sasa unachumwa hata kando ya mitaro ya maji machafu na katika mashamba yaliyopuliziwa dawa ya magugu, ambayo nayo huuzwa kiholela kama peremende.

Kabla hamjachapisha makala nyingine, napendekeza mwandishi wenu aje Ganda Jumamosi yoyote, atafune majani matatu mabichi bila kutema, kisha ale sahani moja iliyopikwa. Nazi nitaikuna mwenyewe.

Msomaji wenu,
Ganda, Malindi