Muziki wa asili ufundishwe na lugha yake

Ndugu Mhariri,

Kuhusu ile habari yenu ya kufundisha muziki wa asili mashuleni, mi naona tunasahau lugha. Marehemu Hukwe Zawose, yule mwanamuziki wetu Mgogo wa hapa Dodoma, alikuwa anapiga zeze, ilimba (ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba) na filimbi huku anaimba Kigogo, akafika mpaka kurekodi na lebo ya Real World ya Uingereza, wageni wakampenda kwa sauti tu, lakini watoto wetu wengine hapahapa Dodoma hata hayo maneno hawayajui, inauma sana jamani.

Sasa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), pale Zawose alipofundisha enzi kikiitwa Chuo cha Sanaa, waite wazee wanaokijua Kigogo vizuri wakae darasani na wapiga zeze, mashairi yaandikwe, mwanafunzi ajifunze wimbo pamoja na maana yake.

Msomaji wenu,
Dodoma