YAH: Kufunga muhula wa kwanza, na mwanzo wa insha za watoto wetu

Ndugu mzazi/mlezi,

Salaam.

"Ndala yangu moja iko chini ya bahari, kati ya Magogoni na Kigamboni."

Sentensi hiyo ni ya mwanafunzi wetu wa Darasa la Tano. Muhula huu sijaona alama iliyonifurahisha kama hiyo sentensi, na ningependa mjue ilivyopatikana.

Mada ilikuwa "Siku nisiyoisahau". Mara ya kwanza aliandika: "Ilikuwa siku ya Jumamosi, niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki, nikanywa chai." Pantoni, watu kusukumana wakati wa kushuka, ndala kudumbukia, mama kumbeba mgongoni hadi kituo cha daladala, yote hayo yalikuwa ukurasa wa pili. Nilipopitia madaftari ya darasa zima, karibu kila mtoto aliamka asubuhi na mapema akapiga mswaki. Hawakuigiliziana. Tuliwafundisha sisi. Kwa miaka mingi, nami nikiwemo, tumewakaririsha watoto mianzo ya insha ili wasikwame kwenye mtihani, nao wakaikariri kweli kweli.

Mwalimu wa Kiswahili hakumwambia afute. Alimwambia afunge daftari amsimulie. Mtoto akasema, "Mwalimu, mimi ndala yangu iko baharini mpaka leo." "Haya, andika hivyo hivyo."

Bibi zetu walilijua jambo hili. Bibi alisema "Paukwa!", na hadithi haikusogea mpaka watoto waitikie "Pakawa!" Alitaka kwanza awe na masikio yetu. Mtoto mwenye kalamu hana wa kumwitikia, kwa hiyo sentensi ya kwanza ndiyo lazima iite. Ndiyo maana siku hizi kila Jumatano mwanafunzi husimama, husoma sentensi moja tu, basi. Wenzake wakitaka kujua zaidi hupaza sauti, "Endelea!" Wakinyamaza, anakaa na kuandika upya. Wa Darasa la Tatu wanaupenda mchezo huu kuliko mpira.

"Hapo zamani za kale" sijaipiga marufuku. Kwenye ngano ya sungura na fisi ni mahali pake, inatupeleka tunakotakiwa kwenda. Ila haifai kwa habari ya jana pale Kariakoo.

Insha za hoja zimetusumbua zaidi. Ukitaja usafi, wote wanaandika: "Mazingira ni vitu vyote vinavyomzunguka mwanadamu." Si uongo, lakini nani ataendelea kusoma? Msichana mmoja wa Darasa la Sita, ambaye baba yake ana duka, alibadilisha hivi: "Mtaro wa mbele ya duka letu ukiziba, wateja wanaoweza kuruka wanaruka, wasioweza wananunua kwingine." Humo mna hoja tayari, na mna mtaa wake.

Wengine wamevuka mpaka. Kuna aliyeanza na "Puuu!" na hadithi nzima hakuna kilicholipuka. Tunawaambia kwamba mwanzo ni ahadi kwa msomaji, na ahadi ilipwe.

Mzazi mwenye wasiwasi wa mtihani nimwondoe hofu. Insha bado ina utangulizi, kiini na hitimisho, na tahajia tunaisahihisha kama kawaida. Tunachokitaka ni utangulizi uwe wa mtoto mwenyewe.

Likizo hii nawaombeni jambo moja. Mtoto akirudi kutoka dukani, au kwa shangazi yake Mbagala, muulize kumetokea nini huko, kisha umsikilize mpaka mwisho bila kumsahihisha. Lile neno lililomtoka kwanza, kabla hata hajavua viatu, mwambie aliandike. Daftari dogo linatosha, na sentensi kumi kwa likizo nzima zinatosha. Tafadhali msiwaandikie. Sentensi ya mtu mzima tunaitambua, na mtoto naye anajua kwamba si yake.

Ripoti ya maendeleo imeambatanishwa, na tarehe ya kufungua shule imeandikwa chini yake. Mwenye maoni kuhusu alama anakaribishwa ofisini kabla ya Ijumaa saa nane mchana.

Siku ya kufungua, mtoto aje na lile daftari dogo. Kipindi cha kwanza cha Kiswahili tutaanza nalo.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu
Dar es Salaam