Mstari wa nne wa bibi yako

Hujambo mama. Sisi wazima, wageni wa mwisho wameondoka juzi, turubai na viti vimerudishwa, na kihamba, hili shamba letu la nyumbani, kimekuwa kimya mpaka unasikia ng'ombe wa jirani anavyotafuna. Uliniuliza historia ya marehemu bibi yako ilisemaje maana bando lako lilikata pale pale ilipoanza kusomwa. Kusema kweli hukukosa kitu. Dakika 5 tu, mchungaji alikuwa na msiba mwingine saa tisa, baba yako mkubwa akasoma mbio mbio kama anasoma risiti: kazaliwa, kabatizwa, kapata kipaimara, kafunga ndoa, kaimba kwaya, kawa mwenyekiti wa akina mama, kaugua, kaacha watoto 4 na wajukuu 13. Yote kweli. Ila mimi mwanae wa kumzaa nilikaa pale najiuliza huyu anayesomwa ni nani.

Nikajaribu kukutumia voice nikusimulie mwenyewe, ikanishinda, kila nikibonyeza koo linabana. Bora niandike.

Hilo neno "kaimba kwaya" ndo limeniudhi zaidi. Mwaka 1983 nilikuwa mdogo ila nakumbuka, ndo mwaka ule wa Waziri Mkuu Sokoine na msako wa wahujumu uchumi, madukani rafu tupu. Sabuni hakuna, tunafulia majani ya mpapai, sukari ya foleni, na unga ni ule wa njano tuliouita yanga, mpaka leo nikiona ugali wa njano tumbo linakumbuka. Sasa kwaya inataka sare mpya ya Krismasi na kitambaa hakipo, na hata ukikipata unaulizwa umekitoa wapi. Bibi yako akapita nyumba kwa nyumba kuomba mashuka. Akapewa ya kila aina, yaliyochakaa, yenye viraka, na moja la mtu lilikuwa la harusi yake. Mwezi mzima alikuwa anakusanya maganda ya vitunguu, mpaka kwenye hoteli ya njia panda, sisi ndo wabebaji, gunia kichwani wenzetu wanatucheka eti mama yenu anapika takataka. Akayachemsha kwenye lile sufuria la kupikia harusini, akatumbukiza mashuka usiku kucha.

Asubuhi kila shuka limetoka na rangi yake! Moja kama chai ya maziwa, jingine njano ya yai, jingine limekolea kama udongo wa shambani. Mama akakaa kwenye kigoda anayaangalia, nikajua analia, kumbe anapanga. Akaanza kuyaanika juu ya miti ya kahawa, hili hapa, hili kule, lipate kukaa na mwenzake, akamaliza ndo akacheka. Yaliyofifia akawashonea soprano, yanayofuata alto, halafu tenor, na yale ya udongo bezi. Alishona kwa cherehani ya mguu mpaka usiku wa manane, tunapokezana kumshikia koroboi, ukisinzia mwanga ukiyumba unaguswa na goti. Krismasi kwaya iliposimama rangi ilikuwa inashuka pamoja na sauti, watu wakanong'onezana kwamba sare imetoka Nairobi. Mzee mmoja wa kanisa akaja juu eti ufasheni gani huu madhabahuni. Mama akamwambia, "Mzee, mbona na shuka lako limo."

Na nyimbo je? Alisoma mpaka darasa la nne tu lakini solfa, zile do re mi za nyimbo, alikuwa anaisoma kama wewe unavyosoma meseji. Shida nyimbo zilikuwa zinamjia wakati wa kuchuma kahawa, mikono imejaa, karatasi hakuna. Basi anaita, "We njoo, shika huu." Anakuimbia mstari mmoja, wa kwako, unaondoka nao. Mwingine anapewa unaofuata. Tulikuwa watano kwa hiyo nyimbo zake nyingi zina mistari mitano, watu wa kwaya hawakuwahi kujua kwa nini. Jioni jikoni tunapanga foleni kwa umri kila mtu anarudisha wake, yeye anaandika nyuma ya madaftari yetu, na aliyepoteza mstari anaosha vyombo. Shangazi yako, wa nne, ndo alikuwa na vituko, alikuwa anaurudisha umebadilika makusudi kwa sababu wa kwake ni mtamu zaidi. Mama anamgombeza, anageukia moto, anakaa kidogo, halafu, "hebu rudia."

Alikuwa na kichwa kigumu pia, lazima ujue maana jina lake umebeba wewe. Aliwahi kununiana na mwanakwaya mwenzie miaka miwili juu ya nani aanzishe wimbo, na wote alto, wanasimama bega kwa bega kila Jumapili bila salamu. Mwisho yeye ndo alibeba isale, lile jani la kuombea msamaha, asubuhi moja akaenda kwake. Huyo bibi ndo uliyemwona kwenye video amekaa karibu na jeneza haongei na mtu.

Sasa sikia. Usiku ule baada ya kuzika tulikaa jikoni sisi wanne tukasema tuimbe ule wa kahawa. Kaka akaanza wa kwake, wa pili ukaja, wa tatu ukaja, halafu tukanyamaza. Wa nne aliondoka nao shangazi yako mwaka ule unaoujua, na madaftari yalishaliwa na mchwa. Mimi mziwanda ninao wa mwisho tu, "na kivuli cha mgomba kitutoshe kwa leo," ila ukianza peke yake haueleweki unatokea wapi.

Wewe kila Desemba ulikuwa unalala na bibi, na najua alikuwa anaimba akikusuka. Kama unao huo mstari usiuandike, nitumie kwa voice, hata kama umetoka shifti ya usiku na sauti imekauka. Na kama alikufundisha ule wa shangazi yako badala ya wa kwake, tuma huo huo. Baba yako mkubwa hajarudi Dar bado, yuko hapa, anasubiri.