Miaka 14 si sawa na miaka 10

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie grafu za mistari. Nilifundisha hisabati shule ya msingi hadi nilipostaafu, na jambo hili limeniuma.

Mjukuu wangu wa darasa la sita aliniletea kitabu cha mazoezi chenye grafu ya idadi ya watu Tanzania kwa mujibu wa sensa. Swali: kati ya 1988–2002 na 2002–2012, ni kipindi kipi watu waliongezeka kwa kasi zaidi? Akautazama mstari, akaona kipande cha kwanza kina mwinuko mkali kuliko cha pili, akaandika 1988–2002. Majibu ya nyuma ya kitabu ni hayo hayo. Si kweli, na mtoto hana kosa.

Kosa ni la mchoraji. Kwenye mhimili wa mlalo alizipanga sensa zote kwa nafasi sawa, kana kwamba tunahesabiwa kila baada ya miaka 10. Baada ya sensa ya 1988 tulikaa miaka 14.

Tukachukua karatasi ya grafu na rula, sentimita moja kwa miaka miwili. Kipindi cha kwanza kikala sentimita 7, cha pili 5. Tukaweka nukta: milioni 23.1, milioni 34.4, milioni 44.9. Mstari ulipounganishwa, kipande cha pili ndicho kilichosimama zaidi! Tukagawanya kuhakikisha: kipindi cha kwanza ni kama laki nane kwa mwaka, cha pili ni zaidi ya milioni moja.

Anayepanga madarasa na madawati kwa grafu ile ya kitabuni ataamini kasi ilipungua, kumbe watoto walikuwa wakizidi kuja.

Mjukuu akaweka kidole katikati ya mstari: "Bibi, kwa hiyo 1995 tulikuwa milioni 28 na ushee?" Nikamwambia hapo hakuna nukta, hakuna aliyehesabu, mstari unakadiria tu. Ndiyo maana nukta za sensa zinapaswa kuonekana wazi, zisifichwe ndani ya mstari.

Nawaomba waandishi wa vitabu, na wachoraji wenu gazetini, wapime miaka kwa rula kabla ya kuchora. Sensa ya 2022 ilitukuta milioni 61.7, na grafu zake zitaendelea kuchapishwa.

Grafu aliyoichora mjukuu wangu nimeiambatanisha na barua hii.

Mwalimu mstaafu,
Sengerema, Mwanza