Tamthilia mubashara hulipiwa kwa mazoezi, si kwa kamera

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu tamthilia za televisheni zinazorushwa mubashara. Watazamaji wengi hushangaa: tamthilia imerekodiwa na kuhaririwa miaka yote, halafu siku moja waigizaji wanaigiza papo hapo, ulimi ukiteleza nchi nzima inasikia. Wapo wanaoziita mbwembwe. Wapo pia watayarishaji wa kwetu wanaotamani kujaribu, na swali lao la kwanza huwa ni zinunuliwe kamera ngapi. Kwa maoni yangu kamera ndilo jambo la mwisho kuuliza.

Hapo mwanzo halikuwa suala la kupenda. Tamthilia ya Marekani As the World Turns ilianza kurushwa na kituo cha televisheni cha CBS tarehe 2 Aprili 1956. Siku 12 baadaye kampuni ya Ampex ilionyesha hadharani, mjini Chicago, mashine yake ya kurekodi picha kwenye kanda ya inchi 2. Mashine ilikuwa ghali mno, na kuhariri kulikuwa ni kuikata kanda yenyewe kwa wembe na kuiunga kwa utepe wa gundi. Ukikosea mkato kidogo tu, picha inaruka. Kwa kipindi cha nusu saa kinachotoka siku tano kwa wiki, kuigiza mubashara ndiyo ilikuwa njia rahisi. Tamthilia hiyo iliendelea hivyo hadi 1975. Tarehe 22 Novemba 1963, mtangazaji wa habari wa CBS, Walter Cronkite, alipoikatiza kutangaza kwamba Rais Kennedy amepigwa risasi Dallas, waigizaji waliendelea na kazi studio bila kujua kwamba hawapo tena hewani. Cronkite mwenyewe alisikika kwanza kwa sauti tu, kwa kuwa kamera za enzi zile zilihitaji muda kupata moto.

Uingereza nako Coronation Street ilianza mubashara, Manchester, tarehe 9 Desemba 1960, kisha ikahamia kwenye kurekodi. Iliporudi mubashara tarehe 8 Desemba 2000 kuadhimisha miaka 40, hakuna mashine iliyoilazimisha. Hapo ndipo swali la kwa nini linapokuwa na uzito.

Sababu ya kwanza ni siri. Tamthilia ya kawaida hurekodiwa wiki nyingi kabla ya kuonyeshwa. Muswada unapita kwa waigizaji, mafundi, washona mavazi na wahariri, na mmoja akiropoka, gazeti la kesho limemaliza utamu. EastEnders ya BBC ilipotimiza miaka 25, tarehe 19 Februari 2010, ilirusha sehemu mubashara ya kufichua nani alimuua mhusika Archie Mitchell. Lacey Turner, aliyeigiza mhusika Stacey, aliambiwa kwamba muuaji ni yeye ikiwa imebaki kama nusu saa kuingia hewani. Watazamaji walizidi milioni 15. Siri iliyotunzwa namna hiyo haiwezi kutunzwa kwenye kanda inayolala rafuni mwezi mzima.

Ya pili ni kuwakusanya watu kwa saa moja. Mtazamaji wa leo anaweza kuangalia kesho, au Jumapili, au kwenye simu akiwa ndani ya daladala. Sehemu mubashara inampa sababu ya kukaa mbele ya televisheni saa ile ile jirani yake amekaa. Marekani faida yake ni ya fedha moja kwa moja: ipo miezi maalumu, Mei ukiwa mmojawapo, ambamo watazamaji huhesabiwa ili kupanga bei ya matangazo ya biashara. Si ajabu basi kwamba One Life to Live ilirushwa mubashara wiki nzima, kuanzia 13 hadi 17 Mei 2002. Februari 2025 EastEnders ilikwenda mbali zaidi: watazamaji walipiga kura mhusika Denise amchague mwanamume yupi, Jack au Ravi, na waigizaji wakaigiza jibu hewani. Kura ya namna hiyo haina maana kama jibu limerekodiwa tayari.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe, maana huko ndiko watu wengi huumia.

Katika kurekodi, tukio likiharibika mnarudia. Mubashara hakuna kurudia, kwa hiyo marudio yote hufanyika kabla. Waigizaji husoma pamoja mezani, halafu wanatembea kwenye seti bila kamera, halafu na kamera, na mwisho sehemu nzima inachezwa bila kusimama, mavazi yote mwilini, saa ikikimbia. Hatua hii ya mwisho ifanyike angalau mara mbili, na irekodiwe. Rekodi ile iwekwe tayari kwenye chumba cha kurushia na ichezwe sambamba na matangazo, sekunde kwa sekunde, ili studio ikizimika fundi ahamie kwenye rekodi bila hadithi kukatika. Kila mshika kamera awe na karatasi yake inayoonyesha namba ya picha, seti, na ukubwa wa picha. Mwongozaji asitegemee kuwapigia kelele kwenye visikizi.

Mwandishi naye abadilike. Mwigizaji aliye sebuleni hawezi kuonekana sekunde inayofuata hospitalini, hivyo kati ya matukio yake mawili lazima kuwe na tukio la wengine, refu vya kutosha yeye kukimbia, kuvaa na kutuliza pumzi. Nusu dakika haitoshi kama kuna kubadili nguo. Muswada unaosahau hili unaanguka kwenye zoezi la kwanza, na heri uanguke pale.

Hatari kubwa kuliko kusahau maneno ni muda. Waigizaji wakiwa na hofu huongea haraka, na sehemu ya dakika 30 inaweza kuisha dakika nzima kabla ya wakati. Wakingoja hisia, inapitiliza na kukatwa na taarifa ya habari. Dawa yake ni kuandika karibu na mwisho mazungumzo mawili yanayoweza kutolewa au kurefushwa, na msaidizi mmoja awe na kazi ya saa tu, akihesabu kurudi nyuma kutoka mwisho na kumwambia mwongozaji kila baada ya tukio amezidi au amepungukiwa sekunde ngapi. Maneno yakisahaulika kuna njia. Studio za zamani za Uingereza zilikuwa na kitufe: msaidizi anakibonyeza, sauti ya studio inakatika kidogo, anamnong'oneza mwigizaji neno, anaachia. Mtazamaji alidhani ni hitilafu ya hewani. Februari 2015, katika EastEnders mubashara, mwigizaji Jo Joyner alimtaja mwenzake kwa jina lake halisi, Adam, badala ya Ian, jina la mhusika. Hilo ni kosa la kawaida kwa watu wanaoitana majina halisi kutwa nzima, ndiyo maana nashauri siku ya mwisho ya mazoezi waigizaji waitane kwa majina ya wahusika hata wakati wa chai.

Wala si lazima kila kitu kiwe mubashara. Desemba 2010 Coronation Street ilipotimiza miaka 50, ajali ya tramu ilirekodiwa na kuonyeshwa tarehe 6. Kilichochezwa mubashara tarehe 9 ni yaliyofuata ajali, majeruhi na wanaowatafuta. Huo ndio mgawanyo wa busara: moto, magari na kuanguka virekodiwe, nyuso za watu ziwe hai.

Kwa vituo vya kwetu naongeza mawili. Sehemu inayorushwa saa 3 usiku Dar es Salaam na Nairobi inafika Bujumbura na Bukavu saa 2 usiku, basi tangazo la kuwaita watazamaji liseme saa ya kila mahali. Na umeme: jenereta huchukua sekunde kadhaa kupokea mzigo, na swicha ya picha, yaani kifaa cha kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani, ikizimika hata kwa sekunde moja inaanza kuwaka upya huku skrini ikiwa nyeusi. Swicha, kamera na visikizi vya mawasiliano viwe kwenye betri za akiba muda wote, na betri hizo zijaribiwe kwa kuzima umeme makusudi katikati ya zoezi la mavazi, sio siku moja kabla studio ikiwa tupu.

Mtayarishaji wa vipindi vya televisheni,
Dar es Salaam