Mama mdogo, usiusahau mrija

Shikamoo Mama mdogo,

Juzi kwenye simu ulisema, "Kidonda kimepona, sasa nimemaliza." Nilinyamaza, maana dada yako alikuwa kando yangu, na maneno hayo hayo aliyasema yeye miaka ile. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu wapo wengi waliowekewa mrija kwa ajili ya presha ya macho, wakarudi nyumbani na imani kama yako.

Mrija wenyewe ni wa silikoni, mwembamba kuliko njiti ya kiberiti. Ncha moja imo ndani ya jicho. Nyingine imeungana na kisahani kilichoshonwa nyuma, chini ya kope la juu. Maji ya jicho hupita humo na presha ikashuka. Uliogopa kwamba ni kitu cha majaribio. Hapana, Dk. Anthony Molteno alikuwa akishughulika na mrija wenye kisahani huko Cape Town tangu miaka ya 1960.

Kilichomsumbua mama ni kile kinachoufunika mrija. Daktari huweka kiraka juu yake, mara nyingi kipande cha weupe wa jicho kutoka kwa marehemu aliyekubali kutoa macho yake, halafu huvuta utando mwembamba wa jicho juu ya kiraka na kushona. Lakini kila unapopepesa, kope linasugua palepale. Utando ukilika na kiraka kikiisha, mrija unabaki wazi, na vijidudu vinapata njia ya moja kwa moja kuingia ndani. Maambukizi ya ndani ya jicho yanaweza kuondoa uoni ndani ya siku chache tu. Aliyewahi kupasuliwa jicho mara kadhaa, au mwenye jicho kavu, utando wake huwa dhaifu zaidi.

Mama ilimtokea mwaka wa nne. Alilalamika kwamba ana mchanga jichoni, na chozi lilikuwa haliishi. Dodoma na upepo wake, sote tukasema vumbi. Tulinunua dawa ya matone dukani, wiki mbili zikapita. Aliyeuona ni mjukuu wake, akimshika kichwa amsuke: "Bibi, una uzi jichoni." Uzi unaong'aa kama mshipi wa kuvulia samaki. Hakuwa na maumivu hata kidogo, na hilo ndilo linalonitisha hadi leo, kwa sababu sisi tulikuwa tunasubiri maumivu.

Tulipofika hospitali nilidhani watashona utando tu turudi. Daktari alitueleza kwamba ukishona juu ya kiraka kilicholika, pataachia tena. Mama alipewa dawa ya kuzuia maambukizi, akarudishwa chumba cha upasuaji, akawekewa kiraka kipya, na mrija ukapitishwa njia nyingine. Kama maambukizi yangekuwa yameshaingia, huenda wangeung'oa mrija wote, na presha ingetafutiwa dawa upya. Zile wiki mbili sijajisamehe.

Kwa hiyo nakuomba, Mama mdogo. Usilifikiche jicho, hata likiwasha usiku. Lala na kile kifuniko cha plastiki kwa muda wote waliokuambia. Ukitia udhu, osha uso taratibu. Wakati wa kupepeta alizeti vaa miwani, au waachie vijana. Wanja najua unaupenda, lakini kwenye jicho hilo acha. Usiweke dawa ya majani wala maziwa, yeyote atakayekushauri. Matone ya hospitali yamalize kama yalivyoandikwa, na jicho likikauka uliza matone ya kulainisha.

Na kila Ijumaa mtu akuangalie. Anawe mikono, wewe tazama chini, yeye anyanyue kope la juu polepole bila kubonyeza jicho, amulike kwa tochi ya simu. Akiona uzi unaong'aa, au shimo dogo, au jicho likiwa jekundu, likitoa usaha, likiuma, au ukiona ukungu, nenda siku hiyohiyo kwa daktari wa macho. Usisubiri tarehe ya kliniki. Mwambie wa mapokezi, "Nina mrija jichoni na naona umetokeza," asikupange foleni ya miwani. Tarehe za kliniki nazo usiziruke ukiwa mzima, kwani daktari kwa mashine yake huona utando unavyopungua kabla sisi hatujaona kitu.

Ugonjwa huu unatembea kwenye damu yetu. Mimi nimepimwa mwezi uliopita, presha iko sawa, lakini nimeambiwa nirudi kila mwaka. Wanao bado, na mkubwa ameshavuka 40.

Nakuja Kondoa Ijumaa ijayo. Miwani ya kuzuia vumbi nimeshanunua, na mjukuu aliyeuona uzi anakuja nami, maana amesema jicho la bibi mdogo atalikagua yeye.